Wasomaji Wauliza: Shule za Kati za Tanganyika Zilikwenda Wapi?

Ndugu Mhariri,

Baba yetu alipofariki tulikuta katika sanduku lake cheti cha kumaliza darasa la nane cha mwaka 1957. Kwenye cheti hicho shule yake imeandikwa kuwa ni shule ya kati, lakini jina ni lilelile la shule ya msingi ya serikali iliyopo kijijini kwetu, ambayo ina darasa la kwanza hadi la saba tu. Je, shule hiyo ilishushwa hadhi? Na kwa nini marehemu alilitaja darasa la nane maisha yake yote kwa fahari ya mtu aliyetoka chuo kikuu?

*Msomaji, Tukuyu*

Jibu: Ndugu msomaji, pokea pole zetu kwa msiba, na ukihifadhi cheti hicho mahali pakavu, kwa sababu ni kipande cha historia ambacho shule nyingi zenyewe hazina tena. Shule ya baba yako haikushushwa hadhi. Kilichotokea ni kwamba ngazi nzima ya elimu iliyokuwa ikiitwa shule ya kati ilifutwa nchini, na majengo yake yakabaki na kazi nyingine.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilitunga Mpango wa Miaka Kumi wa elimu ya Waafrika, ambao ulifanyiwa marekebisho mwaka 1950. Kwa mpango huo safari ya mtoto wa Kiafrika shuleni iligawanywa katika vipindi vitatu vya miaka minne minne: shule ya msingi kuanzia darasa la kwanza hadi la nne, shule ya kati kuanzia la tano hadi la nane, na sekondari kuanzia la tisa hadi la kumi na mbili. Kabla ya hapo ngazi hazikuwa zimepangwa hivyo. Mwalimu Julius Nyerere, kwa mfano, alianza shule ya bweni ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, na mwaka 1937 alikwenda Tabora bila kupitia shule ya kati, kwa kuwa ngazi yenye jina hilo ilikuwa haijaundwa.

Shule za kati zilijengwa na kuendeshwa na serikali kuu, na serikali za wenyeji zilizokuwa chini ya machifu, au na misheni zilizopewa ruzuku. Kwa kuwa zilikuwa chache na zilitawanyika mbali mbali, nyingi zilikuwa za bweni, na ndiyo maana hadi leo, katika shule za msingi za kutwa ambazo ziliwahi kuwa shule za kati, unaweza kukuta vyumba vya madarasa vilivyo virefu na vyembamba kupita kawaida, ambavyo zamani vilikuwa mabweni, pamoja na jiko kubwa lisilo na kazi na eneo la ardhi ambalo shule ya kijiji isingelihitaji kamwe. Ukipita katika uwanja wa shule yenu, chunguza mambo hayo matatu.

Ardhi hiyo inatufikisha kwenye kiini cha jambo, na hapa naomba uvumilivu, kwa sababu historia ya shule hizi ni zaidi ya historia ya majengo. Waliopanga shule ya kati hawakuikusudia iwe daraja la kuvukia kwenda sekondari. Waliikusudia iwe mwisho. Walijua kwamba nafasi za sekondari zilikuwa chache mno, wakaamua kwamba mtoto anayemaliza darasa la nane awe amepata elimu iliyotimia, inayomrudisha nyumbani akiwa mkulima, mfugaji au fundi bora kuliko baba yake. Kwa hiyo mtaala ulielekezwa kwenye mazingira ya shule: penye kilimo palitiliwa mkazo kilimo, penye wafugaji pakatiliwa mkazo ufugaji, na wasichana wakapewa maarifa ya nyumbani. Wanafunzi walilima kwa jembe la kukokotwa na maksai, walibeba samadi, walipanda kwa mistari, walichimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, na mashamba yao yalikaguliwa kama madaftari yanavyokaguliwa.

Wazo lenyewe halikuwa geni. Tume ya Phelps-Stokes, iliyotumwa na mfuko wa hisani wa Marekani, ilipotembelea Afrika Mashariki mwaka 1924 ilikuwa imehimiza elimu iliyofungamana na maisha ya kijijini, na mwishoni mwa miaka ya 1920 shule ya Malangali, katika Iringa ya wakati ule, ilifanywa uwanja wa majaribio chini ya ofisa elimu wa kikoloni W. Bryant Mumford. Huko wavulana walivishwa mavazi ya kienyeji badala ya kaptula, walilazwa katika nyumba zilizojengwa kwa mtindo wa wenyeji, na wazee wa makabila yao waliletwa shuleni kuwafundisha mila. Wageni waliotembelea Malangali walivutiwa sana. Vijana waliosoma hapo na wazazi waliowapeleka walikuwa na hesabu nyingine kabisa, kwa kuwa mila wangezipata nyumbani bila kulipa ada, na walichokuja kukitafuta shuleni ni kile ambacho nyumbani hakikuwapo.

Hesabu hiyohiyo ndiyo iliyoiangusha shule ya kati. Mzazi wa Rungwe, wa Usukuma au wa Uchagga aliuza kahawa, pamba au ng'ombe ili mwanawe asome, kisha akamkuta mwanawe amekamata jembe. Aliona pia kwamba shule za watoto wa Kizungu na za watoto wa Kihindi, ambazo wakati huo zilikuwa na mifumo yake mbali na ya Waafrika, hazikuwa na shamba la namna hiyo. Tena shamba la shule halikuwa shamba tu. Katika miaka hiyohiyo watu wazima walikuwa wakilazimishwa kwa sheria ndogo kuchimba matuta na ngazi za kuhifadhi udongo, na huko Uluguru chuki dhidi ya amri hizo ililipuka kuwa ghasia mwaka 1955. Mwanafunzi aliyepewa jembe la kuchimba tuta shuleni alikuwa akifundishwa kazi ileile ambayo mjomba wake alitozwa faini kwa kuikataa. Wapo waandishi waliosema kwamba wazazi wa wakati ule waliidharau kazi ya mikono. Mimi sikubaliani nao: watu hao waliishi kwa kazi ya mikono tangu alfajiri hadi jioni, na walichokikataa ni mtoto wao kufungiwa humo huku wengine wakiachiwa mlango wazi.

Kuhusu fahari ya marehemu, alikuwa na haki nayo kamili. Watoto wengi walioanza darasa la kwanza waliishia la nne, na ni sehemu ndogo tu iliyopata nafasi ya darasa la tano. Hata mwaka 1961, mwaka wa uhuru, Tanganyika ilikuwa na wanafunzi wapatao 490,000 katika shule za msingi, wengi wao wakiwa hawatavuka darasa la nne, na katika sekondari zote kulikuwa na wanafunzi 11,832, kati yao 176 tu wakiwa kidato cha sita. Katika nchi ya namna hiyo aliyemaliza darasa la nane alikuwa msomi wa tarafa nzima. Aliweza kusomea ualimu wa daraja la pili kwa miaka miwili na kufundisha madarasa ya chini, au akaajiriwa kuwa karani, polisi, muuguzi au bwana shamba msaidizi. Kwa hiyo shule iliyobuniwa ili kumrudisha kijana shambani iligeuka kuwa njia yake ya kuondoka shambani, na hakuna mtaala ambao ungeweza kuzuia jambo hilo, kwa sababu mishahara ilipangwa kwa darasa alilofika mtu na si kwa ubora wa mahindi yake.

Kabla ya uhuru mkazo wa kilimo katika shule hizi ulikuwa umekwisha kulegea. Mifumo ya elimu iliyogawanywa kwa rangi iliunganishwa kuwa mmoja kuanzia mwaka 1962, na jina la shule ya kati likaanza kutoweka, kwani madarasa yake yalihesabiwa kuwa sehemu ya juu ya shule ya msingi. Katikati ya miaka ya 1960 elimu ya msingi ilifupishwa kutoka miaka minane hadi saba, na darasa la nane likafa. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule ya msingi yote, ilhali zamani Kiingereza kilizidi kushika nafasi kadiri mwanafunzi alivyolikaribia darasa la nane. Mwaka 1973 ada ya shule za msingi ilifutwa na mtihani wa mchujo wa darasa la nne ukaondolewa, na baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililoagiza kila mtoto apate elimu ya msingi ifikapo 1977, wanafunzi walimiminika kwa wingi hata mabweni mengi hayakuweza kubaki mabweni. Hivyo ndivyo shule ya baba yako ilivyokuwa shule mnayoijua.

Nimalizie jibu hili kwa jambo moja ambalo huwa halisemwi. Kijitabu cha Elimu ya Kujitegemea, alichokitoa Mwalimu Nyerere Machi 1967, kilidai kwamba elimu ya msingi iwe elimu iliyokamilika yenyewe, isiwe maandalizi ya sekondari tu, kwa sababu ni asilimia 13 tu ya wanaomaliza ndio waliopata nafasi ya kuendelea. Kikaagiza kila shule iwe na shamba. Mtu aliyesoma shule ya kati ya mwaka 1955 angeweza kuapa kwamba amewahi kuyasikia maneno hayo. Tofauti ilikuwa kubwa, nayo ni kwamba safari hii shamba liliagizwa kwa sekondari pia na kwa watoto wa rangi zote, na aliyeagiza alikuwa rais ambaye watu walimchagua wenyewe. Hata hivyo wazazi wengi waliendelea kuuliza swali lao la zamani kila matokeo ya darasa la saba yalipotangazwa: ni wangapi wamechaguliwa?

Mhariri,

Mimi ni mwalimu mstaafu. Babu yangu alisoma kile tulichokiita hapa Kenya shule ya kati, akafanya KAPE, mtihani wa mwisho wa darasa la nane. Siku hizi wajukuu zangu wako sekondari ya msingi, Gredi ya 7 hadi 9, na jirani yangu anasisitiza kwamba serikali imerudisha tu mfumo wa wakoloni. Je, ni kweli?

*Msomaji, Kakamega*

Jibu: Mwalimu, shikamoo. Jirani yako ameona mfanano wa umri wa watoto na wa mahali ilipo shule, lakini ameuacha ule mfumo ulivyofanya kazi.

Shule za kati za Kenya zilitokana na ripoti ya kamati iliyoongozwa na Askofu Mkuu Leonard Beecher mwaka 1949, ambaye wakati huo hakuwa amefikia cheo hicho. Ripoti hiyo nayo ilipendekeza miaka minne minne mara tatu, kama Tanganyika. Mwishoni mwa darasa la nne palikuwa na mtihani wa ushindani wa kuingia darasa la tano, na mwishoni mwa la nane palikuwa na KAPE, ambao ulimchuja mara ya pili yule aliyesalimika. Waafrika wengi, hasa katika nchi ya Wakikuyu ambako shule huru zilikuwa zimejengwa kwa michango ya wananchi wenyewe, waliiona ripoti hiyo kuwa hila ya kuwakatia watoto wao elimu katika darasa la nne. Shule nyingi huru zilifungwa baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952 kwa sababu ya uasi wa Mau Mau, na uchungu wa jambo hilo haukuwahi kutoka katika siasa za elimu za Kenya. Baada ya uhuru Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ilisukuma nchi kwenye elimu ya msingi ya miaka saba, na ngazi ya kati ikatoweka huko pia. Mfumo wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu), ulioanza 1985, ulirudisha darasa la nane ukiwa sehemu ya shule ya msingi.

Sekondari ya msingi iliyoanza Januari 2023 inatofautiana na ile ya babu yako katika jambo ambalo ndilo lenye uzito kuliko yote: mtoto anayemaliza Gredi ya 6 hufanya tathmini lakini hazuiwi kuingia Gredi ya 7. Mlango uliokuwa na bawabu sasa hauna. Ikiwa jirani yako anataka kulalamika kwa haki, alalamikie upungufu wa maabara na walimu katika viwanja vya shule za msingi ambamo gredi hizo zimewekwa, kwa maana hilo ni tatizo la sasa na halihitaji kumsingizia Beecher.

Nchini Tanzania pia hesabu inabadilika. Kwa sera ya elimu ya mwaka 2014 katika toleo lake la 2023, elimu ya msingi inashuka hadi miaka sita na elimu ya lazima inapanda hadi miaka kumi, na kuanzia mwaka 2024 sekondari zimeanza kuwa na mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi na stadi za kazi, kando ya mkondo wa jumla. Ningeishauri wizara imsome mzazi wa mwaka 1955 kwa makini. Mkondo wa amali utapendwa pale ambapo watoto wa wakubwa nao watakuwa wanausoma, na pale ambapo anayeumaliza ataweza kuendelea hadi chuo akitaka.

Ndugu Mhariri,

Mimi ni katibu wa kamati ya maadhimisho ya shule yetu, ambayo ilikuwa shule ya kati na sasa ni ya msingi. Tumepewa kazi ya kuandika historia yake. Wazee hawakubaliani juu ya mwaka wa kuanzishwa: mmoja anasema 1928, mwingine 1949, wa tatu 1953. Tumwamini nani?

*Msomaji, Kilosa*

Jibu: Inawezekana kabisa kwamba wote watatu wanasema kweli. Shule nyingi za zamani zilizaliwa zaidi ya mara moja. Kwanza palikuwa na shule ya dini chini ya mti au katika kibanda cha katekista, ambamo watu walifundishwa kusoma sala na kuandika majina yao, na ambayo serikali haikuitambua. Baadaye pakasajiliwa shule ya msingi ya darasa la kwanza hadi la nne. Mwishowe, katika miaka ya 1950, yakaongezwa madarasa ya kati. Msiuchague mwaka wa zamani zaidi kwa sababu tu unaipamba sherehe. Andikeni yote mitatu, na mseme kila mmoja ni wa kitu gani.

Anzeni na vitabu vya shule yenyewe. Rejista ya kuandikisha wanafunzi huonyesha mtoto alitoka shule ipi kabla ya darasa la tano, na kwa kufuata safu hiyo tu mtaweza kuchora ramani ya vijiji vyote vilivyoitegemea shule yenu. Kitabu cha wageni na kitabu cha kumbukumbu za kila siku, kama mchwa hawajaviwahi, vina sahihi za wakaguzi na tarehe zake. Msidharau madaftari ya shamba na ya stoo: idadi ya majembe na magunia inaweza kuwaeleza maisha ya bweni vizuri kuliko hotuba yoyote.

Nje ya shule, nendeni Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, mkatazame mafaili ya elimu ya wilaya na kile kitabu cha wilaya ambacho maofisa wa kikoloni walikuwa wakiandika humo kila walichoona kina maana. Taarifa za kila mwaka za Idara ya Elimu zitawasaidia kujua ni lini serikali ilianza kuitambua shule yenu. Ikiwa ilianzishwa na misheni, jimbo au dayosisi huenda ina shajara za kituo zilizoandikwa na mapadre au wamisionari siku kwa siku, nazo mara nyingi ni sahihi kwa tarehe ingawa zina upande mmoja kwa maoni. Kumbukeni pia kwamba shule za misheni zilitwaliwa na serikali kwa sheria ya mwaka 1969, na baadhi zilibadilishwa majina baadaye; kama jina la sasa halionekani katika mafaili ya zamani, tafuteni jina la kijiji, la kigango au la chifu. Jarida la Mambo Leo, ambalo Idara ya Elimu ilianza kulitoa mwaka 1923, nalo halipaswi kusahauliwa, kwa kuwa lilichapisha barua na habari kutoka sehemu nyingi za nchi, na walimu walikuwa miongoni mwa wasomaji wake wakubwa.

Wazee wahojiwe mmoja mmoja, si katika kikao, kwa sababu katika kikao mwenye sauti kubwa ndiye anayeshinda. Msimwulize mzee ilikuwa mwaka gani. Mwulizeni mwalimu mkuu alikuwa nani alipoingia darasa la tano, chifu alikuwa nani, bweni lilikuwa limeezekwa kwa nyasi au kwa bati, na kama alikuwapo shuleni wakati wa sherehe za kutawazwa kwa Malkia Elizabeth mwezi Juni 1953, ambazo wanafunzi wengi walizikumbuka kwa maandamano na vyakula. Majibu hayo yakilinganishwa na rejista yatawapa mwaka bila mabishano. Watafuteni pia wanawake waliosoma hapo, hata kama ni wachache, na wapishi wa zamani au watoto wao. Katika kumbukumbu nyingi za shule nilizowahi kusoma wapishi hawamo kabisa, ilhali wao ndio waliojua nani alilala njaa na kwa nini.

Mkishapata orodha ya waliomaliza darasa la nane kwa kila mwaka, fuatilieni walikokwenda: wangapi sekondari, wangapi ualimu, wangapi walirudi vijijini. Hiyo ndiyo sura itakayosomwa zaidi siku ya maadhimisho, nayo itawachukua muda mrefu kuliko nyingine zote, basi ianzeni sasa.